Mizani ya Sonara

Baba aliniachia mizani ya dhahabu,
sahani mbili ndogo kama kucha,
na duka la hatua nne, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
ambako mtu akitaka kupiga chafya hutoka nje kwanza,
maana upepo wa pua ni hasara.

Hapo ndipo Singano aliponikuta.
Alileta pete ya mkewe ipanuliwe,
akanitazama nikipima vumbi la rangi ya samli,
akasema: "Mikono hii inapotea hapa."

Miezi saba ya kibali. Picha, alama za vidole,
barua ya mtendaji wa kata, mhuri juu ya mhuri.
Polisi akaniuliza: "Sonara, unamwogopa nani?"
Nikamwambia: saa.
Hakucheka. Akaandika, *michezo*.

Uwanja wetu ni chimbo la chokaa lililoachwa, njia ya Pongwe,
kuta nyeupe pande tatu, upande wa nne ni sisi.
Shabaha ni karatasi za kahawia, hazina uso;
nyingine mabati, ukiyapata yanakujibu.
Miezi miwili sikupiga hata risasi moja.
Nilichomoa bastola tupu, nikairudisha alani, nikachomoa,
mbele ya kioo cha duka, mlango nimeufunga,
hadi Mwanamvua akauliza kupitia dirishani
kama nafanya mazoezi ya kuibiwa.

"Kidole," husema Singano. Basi. Kidole.
Kilale juu ya chuma, mbali na kifyatulio,
mpaka jicho likubali.
Na mtutu una kibla chake: ukuta wa mbele.
Usiugeuze hata ukiitwa na mama yako.

Shindano la kwanza.
"Upo tayari?" Nikaitikia kwa kichwa.
Kile kidude kikalia *tii*,
na mimi niliyehesabu hatua zangu usiku kucha
nikasahau nina miguu mingapi.
Karatasi mbili, sawa. Bati, *ngee!*
Nikakimbilia kona ya kushoto, magazini ikaisha,
nikageuka na mwili mzima kama mtu anayefunga duka,
na mtutu ukageuka nami.

"Acha!"

Sauti moja. Chokaa ikairudia mara tatu.

Sekunde kumi na moja, siku yangu ikaishia hapo.
Hakuna aliyenifokea, na hilo ndilo lililouma.
Nikaonyesha chemba tupu, nikafunga begi,
nikapewa ndoo niwaokotee wenzangu maganda.

Ganda lililopigwa sasa hivi lina joto la yai
lililotoka kutagwa.
Limesema neno lake moja, limebaki mdomo wazi.
Na mimi, kwa kazi yangu,
sijui kutupa kitu chenye rangi ile.

Basi usiku nayafufua.
Nayaosha, nayakausha, mashine inayarudishia kiuno,
kifataki kipya kitakoni, baruti, kichwa.
Baruti hupimwa kwa punje. Baba angelipenda neno hilo.
Mizani yake haizijui punje, nimenunua nyingine;
yake iko rafu ya juu, inanisimamia.
Redio nimezima. Mwenye sigara abaki barazani.

Juzi nilikuwa ganda la thelathini na nane
jirani Mntambo akapiga hodi, anaomba chumvi.
Nikampa chumvi. Nikarudi.
La thelathini na nane nilishalimiminia, au ndiyo nilikuwa naelekea?
Nikamulika kwa kurunzi: yote yalionekana sawa,
na kuonekana sawa ndiko kulikomfilisi shangazi yangu
siku aliponunua shaba kwa bei ya dhahabu.
Nikayamwaga yote.
Nikaanza moja.

Jumapili hii nilimaliza shindano zima.
Wa pili kutoka mwisho;
wa mwisho ni daktari wa meno wa Korogwe
aliyedondosha miwani mbio za kwanza.
Singano alisoma karatasi ya matokeo polepole,
akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.
Nikangoja neno.

"Pete ya mke wangu," akasema,
"bado inambana."